Matanga ya Mtoto Aliye Hai

Mara ya tano Carmel alitoka hospitali mgongoni mwa nkambo yake, miguu ikining'inia mpaka magotini mwa bibi huyo, maana mtoto alikuwa amekwisha kutimiza miaka kumi. Bima ilikuwa imelipa damu. Ililipa sindano, ikalipa kitanda, ikalipa hata kile kikaratasi wanachoandikia joto la mwili. Pikipiki ya kurudi nyumbani haikuilipa, kwa kuwa pikipiki si dawa. Basi Mama Générose akamfunga mjukuu wake kwa kitenge na kushuka naye kwa miguu hadi kwenye avenyu yao, kule chini karibu na ziwa.

"Nkambo, nishushe. Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Macho hayalipishwi."

"Mimi ni mukubwa."

"Mukubwa gani mwenye mifupa kama ya samaki ndakala? Nyamaza, upumzike."

Bima yenyewe watu waliiita mutuweli. Kila nyumba ilichanga kila mwezi, Serikali ikaahidi kuongeza sehemu yake, na miezi mingine iliongeza kweli. Tuseme haki: kabla ya mutuweli watu walikuwa wakifia mlangoni mwa hospitali huku mlinzi akiwauliza nani atalipa. Mama Générose aliwakumbuka kwa majina, na jina la mlinzi pia alilikumbuka. Ndiyo maana alikuwa wa kwanza katika avenyu yake kuchukua kadi, akapita nyumba kwa nyumba akiwagombeza jirani mpaka nao wakachukua. Lakini kadi ilikuwa na mpaka wake: mgonjwa mmoja, kulazwa mara sita kwa mwaka, basi. Mara ya saba unaanza tena kuongea na mlinzi. Ulikuwa mwezi wa tisa, Carmel amebakiwa na mara moja, na mvua zilikuwa hazijaanza.

Mtoto alikuwa SS. Hivyo ndivyo watu wanavyosema, fulani ni SS, kama mtu anavyosema fulani ni mrefu. Ni ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Baridi ikimshika, au unyevu, au kiu, chembe za damu zinapinda na kukwama njiani, mifupa inawaka moto ndani ya nyama, na damu inakwisha. "Mifupa yangu inapiga kelele," Carmel alikuwa akisema alipokuwa mdogo. Siku hizi hakusema tena. Aliuma kitenge tu.

Na nyumba yao ilikuwa na maji. Tangu ziwa lilipopanda na kumeza mistari miwili ya nyumba, avenyu yao iliyokuwa ya tatu kutoka ufukoni ikawa ya kwanza. Maji yalipita chini kwa chini, yakatokea sakafuni, ikawa tope jekundu lisilokauka hata mwezi wa saba. Matofali ya udongo yalilowa hadi usawa wa kiuno. Kitanda cha Carmel kilisimama juu ya mawe manne, na kila asubuhi blanketi lilikuwa zito kana kwamba limetoka kufuliwa.

Safari hii, kabla hawajatoka hospitali, muuguzi Arlette alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kalamu mkononi, akichelewa kuandika. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya, asiyependa kusema jambo mara mbili.

"Mama Générose, mutoto anarudi wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kule kwenye maji?"

"Niko na nyumba ngapi, Mama Arlette?"

"Mimi ninamutia damu, ile nyumba inaikunywa. Mara tano mwaka huu. Nimechoka kuilisha ile nyumba."

Akaandika. Kwenye ordonansi, ile karatasi ya dawa, chini ya vidonge vya damu na dawa ya malaria, aliandika kwa herufi kubwa: sakafu kavu ya sementi, mabati yasiyovuja, blanketi mbili, maji safi ya kunywa kila siku. Akatia sahihi, akagonga muhuri.

"Peleka mutuweli," alisema. "Watacheka. Peleka tu."

Walicheka. Biro ya mutuweli ilikuwa karibu na soko, chumba kimoja kilichokuwa zamani cha kinyozi, na asubuhi hiyo mstari ulifika nje. Sekretere, Papa Floribert, kijana mwenye kofia ambayo hakuivua hata kanisani, aliisoma ordonansi, akairudia, kisha akatoa orodha ya dawa na kushuka nayo kwa kidole.

"Vidonge vya damu, naona. Kwinini, naona. Sakafu... Mama, sakafu siioni."

"Soma vizuri, kuna muhuri."

"Mupe na mulango!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Ameze kutwa mara tatu!"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Mama Générose hakugeuka. Alisubiri kicheko kiishe kama mtu anavyosubiri lori lipite na vumbi lake, kisha akaomba kumwona prezida.

Prezida wa mutuweli, Papa Pontien, alikuwa mwalimu mstaafu na shemasi. Hakuwa mwizi. Laiti angekuwa mwizi, Mama Générose angejua la kumfanya, kwa maana wezi aliwazoea na kadhaa aliwahi kuwafukuza kwenye biro zao. Papa Pontien alikuwa mtu mwaminifu aliyependa kitabu chake cha sheria za mutuweli, na mtu wa namna hiyo humwezi kwa kelele.

"Mama, ninakuelewa sana," alisema. "Lakini bima inalipa ugonjwa. Hailipi maisha."

"Mumelipa damu mara tano. Mutalipa ya sita. Sakafu munailipa mara moja tu."

"Damu iko kwenye kitabu. Sakafu haiko."

"Basi iandikeni."

"Tukiandika sakafu, kesho muntu ataniletea ordonansi ya ng'ombe. Vumilia, Mama. Tutamuombea mutoto."

Alirudi nyumbani na hasira iliyomfanya atembee haraka kuliko umri wake. Baba yake alikuwa fundi wa mashine kwenye kompanyi moja, jina lake halina faida hapa, enzi za wazungu na miaka michache baada yao. Kompanyi iliwapa wafanyakazi nyumba za matofali ya kuchoma, sakafu ya sementi, unga na samaki kila Jumamosi. Kila miezi mitatu alipita Mzungu mmoja na fimbo, akigonga sakafu na kuchungulia chini ya vitanda, na daktari wa kompanyi nyuma yake akiandika. Si kwa upendo! Yule Mzungu hakujua hata jina la baba yake, alimwita kwa namba. Lakini alijua jambo moja: mtu anayelala kwenye maji hasukumi mashine. Wanyonyaji wale walijua kwamba sakafu ni dawa, wakaiandika kwenye kitabu kimoja na kwinini. Kisha wakaondoka, na sisi tuliobaki, sisi tunaopendana, tunaoimba pamoja kila Jumapili, tukarithi nusu ya kile kitabu na kusema ndicho chote.

Alhamisi akafa mzee mmoja wa avenyu yao, mvuvi wa zamani. Kabla ya saa sita mchana, pikapu ya mutuweli ilikuwa imefika. Ilishusha bashi la kufunika uwanja, viti hamsini vya plastiki, magunia mawili ya unga, maharage, kuni, na mbao za sanduku la kuzikia. Fundi Télesphore akaanza kupiga misumari pale pale. Watu walikula, wakalia, wakala tena. Yule mzee aliyekuwa akilala njaa tangu Pasaka akasindikizwa na chakula cha kulisha kikosi.

Mama Générose alikuwa amekaa kwenye kiti cha mutuweli, chini ya bashi la mutuweli, tonge la bukari ya mutuweli mdomoni. Akaacha kutafuna.

Msaada wa matanga ulikuwa ndani ya kitabu tangu siku ya kwanza. Bila huo nusu ya watu wasingechukua kadi, maana kwetu mtu anaweza kukubali kuugua vibaya, kuzikwa vibaya hakubali. Yeye mwenyewe aliupokea miaka miwili nyuma, alipomzika binti yake Joëlle, mama wa Carmel. Viti hivi hivi. Bashi hili hili. Na hakuna siku hata moja Papa Pontien aliyouliza bukari ni dawa ya nini, na sanduku linamezwa mara ngapi kwa siku.

Jumamosi asubuhi alivaa kitenge chake cha ibada na kwenda biro. Usiku kucha alikuwa amepanga maneno yake. Angesema: nimekuja kuchukua matanga ya Carmel, yeye angali hai, munipe sasa yale mutakayonipa akikufa, ili asikufe. Yalikuwa maneno mazito na aliyabeba kwa uangalifu.

Sasa, kwa desturi ya mutuweli, siku ya msiba hakuna aliyeombwa karatasi. Kwa kila jambo lingine walitaka picha, nakala na muhuri, lakini kwa kifo neno la mzazi lilitosha. Nani angeweza kudanganya juu ya kifo cha mtu wake? Mdomo ungemwoza.

"Papa Floribert," alisema, "nimekuja kuchukua matanga ya Carmel."

Floribert alisimama. Akavua kofia. Upara wake mdogo ukaonekana kwa mara ya kwanza, na macho yake yakajaa machozi.

"Mama," alisema. "Mama yangu. Na mimi nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka." Akamshika mikono yote miwili, kisha akatoka mbio akimwita dereva wa pikapu, akimwita fundi Télesphore, akituma mtu kwa Papa Pontien.

Mama Générose alikuwa amefungua mdomo. Nafasi ilikuwepo. Kutoka mezani hadi mlangoni ni hatua sita, na ukweli ulihitaji maneno matatu tu: mtoto yuko hai. Aliyaona yamesimama kooni kama watu waliofika mlangoni wakasita kubisha. Akafunga mdomo, akatoka.

Njiani hofu ikamkamata. Alikuwa ametamka jina la mtoto na neno matanga kwa pumzi moja, mbele ya mashahidi. Je, kama kifo kilikuwa kimekaa kwenye mstari wa biro kikisikiliza? Alianza kukimbia. Wanawake wa sokoni walimwona bibi wa miaka sitini na sita akikimbia na kitenge cha ibada, wakaelewa wenyewe, wakaweka mikono kichwani.

Carmel alikuwa uani, juu ya mkeka, akichambua maharage na kuimba.

"Nkambo, kwa nini unanigusagusa?"

"Kaa hapo hapo. Uonekane."

"Nionekane na nani?"

Jibu lilikuja lenyewe. Mama Myriam wa nyumba ya pili aliingia akipiga yowe, akajitupa chini, akajigaragaza mpaka kichwa kikafika ukingoni mwa mkeka.

"Mama Myriam," Carmel akamwuliza, "nani amekufa?"

Mama Myriam akainua uso. Yowe la pili halikufanana na la kwanza hata kidogo.

Baada ya hapo kila kitu kilikuja kwa pamoja. Wanawake waliingia wakilia, wakakuta marehemu anachambua maharage, kilio kikakatika. Vijana wa kuchimba kaburi walifika na majembe begani. Pikapu ikaingia kinyumenyume, wakashusha bashi, viti, magunia na mbao kabla ya mtu yeyote kuwaambia wasishushe. Fundi Télesphore, mtu wa maneno machache, alisimama katikati ya ua na meta yake mkononi.

"Nipime nani?" aliuliza.

"Ulozi!" Mama Myriam alikuwa amesimama sasa, vumbi tupu. "Anauza mutoto! Anamutangulizia kifo! Mumesikia nyinyi? Nkambo gani anachukua matanga ya mujukuu anayekula maharage?"

Neno lile halichezewi. Mama Générose alikumbuka bibi wawili waliofukuzwa katika mji huu kwa neno lile lile, mmoja kwa mawe. Vijana wenye majembe walianza kumtazama kwa namna nyingine. Alisogea akasimama nyuma ya Carmel, kisha akaona aibu, akapita akasimama mbele yake.

Papa Pontien alishuka kwenye pikipiki akiwa na hasira.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Miaka kumi na moja hakuna muntu amedanganya kwa kifo. Wezi wamedanganya kwa malaria, kwa uzazi, kwa meno. Kwa kifo, hapana! Wewe, Mama Générose, uliyetuletea nusu ya wanamemba!"

"Sikudanganya," alisema Mama Générose. "Niliomba matanga ya Carmel. Hamukuniuliza kama amekufa."

"Matanga ni ya wafu!"

"Njo hicho ninachowauliza! Kwa nini?" Sauti yake ilipanda, na ule woga wote ukageuka kuwa kitu alichokifahamu vizuri zaidi. "Unaniambia bima hailipi maisha. Hailipi sakafu, hailipi unga, hailipi mbao. Hivi vyote nini? Si unga huu? Si mbao hizi? Mutoto akiwa hai ninaomba ubao mumoja, kitabu kinakataa. Akikufa munaleta mbao kumi na mbili na watu wa kupiga misumari, na viti vya kukalia mukitazama! Papa Pontien, umenizikia Joëlle yangu vizuri sana. Aksanti. Alikuwa na nyumba nzuri kuliko zote alizolala, na aliipata akiwa amekwisha kufumba macho. Huyu mumpe angali anaona."

Muuguzi Arlette alikuwa amefika bila kuonekana, macho mekundu, maana habari ilimkuta hospitali na alikuwa amelia njia nzima. Alimwona Carmel, akakaa chini kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, akavuta pumzi. Kisha akasema, bila kusimama:

"Watoto watatu. SS watatu kutoka avenyu hizi za chini, tangu mwaka mupya. Wote niliwapa damu. Wote niliwarudisha kwenye maji. Na wote watatu, Papa Pontien, pikapu hii iliwaletea viti. Uliza dereva."

Dereva akatazama usukani.

Papa Pontien alipangusa uso. Mtu mwaminifu akibanwa hukimbilia kwenye kazi iliyo karibu. "Pakieni vitu," aliwaambia vijana. "Tutaongea kwenye mukutano. Pakieni."

Hakuna aliyesogea.

"Pakieni, nimesema."

"Papa," alisema Floribert polepole, kofia bado mkononi, "vimekwisha kuingia uani."

Hapo ndipo prezida mwenyewe alipokumbuka. Katika avenyu zile, kila mtu alijua jambo moja, kuanzia makatekista hadi walevi: kitu cha matanga kikiingia kwenye ua hakirudi bila kutumika. Unga ukirudi haujaliwa, mbao zikirudi hazijapigiliwa, vinakwenda kutafuta pengine mwenye kuvitumia, na kwa kawaida havisafiri mbali. Papa Pontien alikuwa shemasi, alikuwa amehubiri dhidi ya imani kama hizi. Alilitazama gunia la kwanza. Mkono haukwenda.

Baadaye watu walisema Mama Générose alipanga yote. Hakupanga. Desturi aliijua, lakini asubuhi ile kichwani mwake hapakuwa na nafasi ya hesabu ndefu hivyo.

Papa Pontien, kwa kukosa la kufanya, alimgeukia mtoto. "Na wewe, unajua nkambo yako amekuombea nini? Amekuombea sanduku!"

Carmel aliyaweka maharage pembeni. Alikuwa mtoto aliyelala hospitali vya kutosha kuzoea watu wakubwa wanaoongea juu ya kichwa chake.

"Sanduku si mbao, Papa?" alisema. "Afazali mbao za kulalia wakati ningali naamka."

Aliyecheka kwanza alikuwa fundi Télesphore. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, kwa kuwa hakuwa na mazoea nacho. Akainama, akamwekea Carmel meta kutoka kisigino hadi utosini.

"Nimemupima," alisema. "Na anakua bado, nitaongeza ubao. Kitanda. Wapi kunajengwa?"

Kulikuwa na mahali. Mlimani, nyuma ya parokia, marehemu mume wa Mama Générose alikuwa amemwachia kiwanja kidogo ambacho mjane huyo alikipanda mihogo tu, kwa kuwa hakuwahi kuwa na pesa ya kupandisha nyumba. Alipokitaja, vijana wa kaburi walitazamana.

"Majembe tuko nayo," mmoja alisema.

"Mumekuja kuchimba, mutachimba," alisema Mama Générose. "Kwanza mung'oe mihogo yangu vizuri, musikate mizizi."

"Mama, bado unatuamuru? Dakika tano nyuma tulikuwa tunataka kukupiga mawe."

"Mulikuwa munafikiri. Kufikiri kunawachosha, twendeni."

Matanga kwao ni siku tatu, na siku tatu walikaa. Siku ya kwanza walichimba na kusawazisha. Bashi lililokuwa la kufunika waombolezaji lilifunika mchanga na mifuko ya sementi ya kiwanda cha Kabimba, ambayo Papa Pontien aliidhinisha kwa pesa iliyobaki ya msaada, akisema mara kwa mara kwamba hakubali, anazuia tu fujo. Siku ya pili walimwaga sakafu. Wanawake walisonga unga wa matanga, na Mama Myriam, ambaye hakuwa tayari kuomba radhi, alipika maharage ya watu arobaini bila kumtazama mtu usoni. Siku ya tatu mabati ya nyumba ya chini yalipandishwa kichwani kwa mstari mrefu, na Télesphore akaleta kitanda. Kuta zilichukua wiki mbili zaidi, na ugomvi mmoja juu ya misumari; usiku bibi na mjukuu walilala parokiani.

Tusidanganyane kwamba yote yalikwisha vizuri. Kwenye mkutano mkuu watu walipigana kwa maneno tangu misa ya kwanza mpaka jua la utosi. Familia ishirini na mbili zilirudisha kadi, zikisema haziwezi kula na wafu chungu kimoja. Hata leo kuna nyumba ambazo Mama Générose akipita wanaingiza watoto ndani. Lakini kura ilipita, kwa mikono tisa tu zaidi: mwanamemba mgonjwa anaweza kuchukua matanga yake angali hai, kwa sakafu, kwa chakula, kwa pikipiki ya kumfikisha hospitali, ikiwa muuguzi ameandika na avenyu yake imeshuhudia.

"Na akikufa kisha, hali ameshakula matanga yake?" mtu aliuliza.

"Tutamuzika kwa kitenge," Papa Pontien alijibu kwa uchovu, "na tutaimba zaidi."

Mzee mmoja alisimama kutaka sanduku lake limpe meno mapya. Waliliweka ombi lake kando kwa majadiliano.

Mvua zilianza mwezi wa kumi, zikanyesha kwa chuki. Mama Générose hakuziamini zile kuta. Kila mvua ilipoanza alikuwa akikaa kando ya kitanda kipya, mkono kwenye shavu la mtoto, akisubiri ile homa, ule mdomo wa kuuma kitenge. Mwezi wa kumi ukapita. Wa kumi na moja ukapita; Carmel akaugua mafua, akapiga chafya siku nne, akaacha. Shuleni alikosa siku mbili tu, na moja kati ya hizo alidanganya.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili, mchana, mvua ikipiga mabati hadi watu wakawa wanaongea kwa kupaza sauti, Papa Pontien alipanda mlimani na bahasha ndani ya nailoni. Barua ilitoka kwenye biro ya juu, wale wanaoleta sehemu ya Serikali. Waliuliza, kwa heshima kubwa na maneno marefu, kwa nini ndani ya kitabu cha bima ya afya kuna sementi, unga na pikipiki.

"Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi," alisema. "La sivyo wanafunga sehemu yao."

"Na wewe unajibu nini?"

Papa Pontien aliketi kwenye kigoda, akatazama sakafu, akaipapasa kwa kiganja kama mtu anayetafuta unyevu. Hakuupata.

"Mimi ninajua kuandika kwa heshima," alisema. "Ninaona hapa heshima haitoshi. Nimekuja useme wewe."

Mama Générose alisoma hadi mwaka wa nne wa shule ya msingi, macho yake hayakuwa tena ya karatasi. Akamwita Carmel. Mtoto akakaa sakafuni, miguu mitupu kwenye sementi, karatasi juu ya kitabu cha shule. Nkambo akaanza kusema, akitembea huku na huku, na aliyoyasema yalianza mbali sana, kwa yule Mzungu wa fimbo aliyekuwa akigonga sakafu za watu, yakapita kwa mlinzi wa mlango wa hospitali na kwa wale watoto watatu, kila mmoja kwa jina lake. Papa Pontien mara mbili alikohoa kuomba neno fulani lipunguzwe. Halikupunguzwa.

Kwenye ukurasa wa tatu Carmel akaweka kalamu chini, akashika kiwiko chake.

"Nkambo, mukono unauma."

Mama Générose alisimama katikati ya sentensi. Papa Pontien akainua kichwa. Mvua ikaendelea kupiga.

"Unauma namna gani?" aliuliza nkambo. "Mufupa?"

"Hapana." Carmel alikunja vidole, akavikunjua. "Ni kwa kuandika. Unaongea sana."

Bibi alikuja akapiga magoti, akauchukua ule mkono, akaukanda kutoka bega hadi kwenye kucha, polepole, akisikiliza kwa vidole. Ulikuwa wa joto la kawaida. Ulikuwa mkono wa mtoto aliyechoka tu.

"Pumzika kidogo," alisema. "Kunywa maji. Halafu tuendelee, maana bado hatujaanza kuwagombeza."